Ubora ni wa Nani?

Waswahili wana methali mbili zisizopatana. Moja husema kipya kinyemi ingawa kidonda. Ya pili husema ya kale ni dhahabu. Aisikiaye ya kwanza hudhani ya kuwa binadamu hukipenda kitu kwa sababu kimekuja jana tu. Aisikiaye ya pili hudhani ya kuwa hukipenda kwa sababu kimepita tu. Methali hizi hazigombani bure. Mapenzi hayo mawili hukaa nyumba moja ndani ya moyo wa mtu, na kila moja hudai kuitwa akili. Swali la insha hii limo katikati ya ugomvi huo: kitu kimoja kikitengenezwa mwaka baada ya mwaka, mwaka upi ndio bora, na ubora huo ni wa nani?

Swali laweza kuulizwa juu ya jahazi, juu ya kamusi, au juu ya utawala. Hapa litaulizwa juu ya motokaa ya mbio, kwa sababu mbili. Kwanza, motokaa ina uzito, mwendo na nguvu, mambo yanayopimika, hata mbishi asiweze kukimbilia maneno matupu. Pili, motokaa itakayotajwa si ngeni katika Afrika ya Mashariki. Ni Datsun 240Z ya Wajapani, iliyoshinda mashindano ya Safari mwaka 1971 na ikashinda tena mwaka 1973. Wazee wengi waliosimama kando ya barabara utotoni mwao kuyatazama mashindano hayo huikumbuka bado kwa vumbi lake na kwa mlio wake.

Kampuni ya Nissan iliitoa hadharani nchini Japani mwezi wa Oktoba 1969 kwa jina la Fairlady Z. Marekani iliuzwa kwa jina la Datsun 240Z. Ilikuwa na viti viwili, pua ndefu, na mtambo wa silinda sita zilizopangwa katika mstari mmoja, wenye ujazo wa sentimita 2,393. Ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 151. Uzito wake ulizidi kilo 1,000 kwa kiasi kidogo, na mwendo wake uliweza kufikia kilomita 200 hivi kwa saa. Yutaka Katayama, aliyeongoza biashara ya kampuni hiyo Marekani, alitaka motokaa ya mbio ambayo mtu wa mshahara wa kawaida aweza kuinunua, na bei ya kwanza huko ikawa dola 3,526. Motokaa za Ulaya zilizoweza kushindana nayo kwa mwendo ziliuzwa kwa fedha nyingi zaidi. Kwa hiyo iligombewa, na sifa yake ikaenea kabla ya kasoro zake kujulikana.

Zilizotengenezwa mwanzo kabisa, hata kufikia mwanzo wa mwaka 1971, hutambulikana kwa matundu ya hewa yaliyo katika mlango wa nyuma. Hizo ndizo zinazotafutwa mno na wakusanyaji wa motokaa za zamani. Husifiwa kuwa nyepesi, sikivu kwa usukani, na zisizo na pambo la ziada. Sifa hizo ni za kweli. Lakini fundi aliyelala chini ya motokaa hiyo huiona kwa jicho jingine. Bati lake halikukingwa vya kutosha na kutu. Sakafu, vizingiti vya milango na mahali pa kuwekea betri huliwa upesi. Difu yake iliwekwa mahali ambapo ekseli za kwenda magurudumu ya nyuma hazikunyoka. Baadaye watengenezaji wakaisogeza nyuma kidogo ili zinyoke. Basi katika kupima kazi ya fundi peke yake, ile ya pili ina haki ya kuitwa bora kuliko ile ya kwanza, kwa sababu iliundwa na watu waliokwisha kuyaona makosa yao.

Mwaka 1973 yalikuja mabadiliko ya namna nyingine. Sheria za Marekani juu ya moshi wa motokaa zilizidi kukaza, kufuatana na sheria kubwa ya hewa safi ya mwaka 1970. Kampuni ikafunga kabureta mpya, bapa kwa juu, zilizokusudiwa kupunguza moshi mbaya. Kabureta hizo zilikuwa na utata mwingi. Mtambo ukipata joto, petroli iligeuka mvuke ndani ya mabomba. Motokaa ilisitasita, ikakohoa, na pengine ikakataa kuwaka mbele ya mwenyewe aliyetoka dukani na kikapu chake. Sheria nyingine iliamuru bampa ziweze kuhimili mgongano wa mwendo mdogo pasipo taa na matangi kuharibika, na uzito ukaanza kuongezeka. Mwaka 1974 ikaja 260Z yenye mtambo wa sentimita 2,565. Mtambo ulikua, lakini huko Marekani mbio hazikukua pamoja nao. Kabureta zile zile zilikuwa zimeukaba koo.

Kisha, mwaka 1975, ikatoka 280Z kwa ajili ya Amerika ya Kaskazini. Mtambo ulifikia sentimita 2,753 na kabureta zikaondolewa kabisa. Mahali pake pakawekwa mfumo uliotokana na maarifa ya kampuni ya Bosch ya Ujerumani. Tofauti yake na kabureta yaelezeka kwa maneno machache. Kabureta huuachia upepo unaopita uivute petroli kwa kadiri uwezavyo. Mfumo ule huupima upepo kwanza, ndipo hunyunyiza petroli kwa kiasi kilichohesabiwa. Cha kwanza hukisia na cha pili hupima. Kwa sababu hiyo 280Z iliwaka vyema asubuhi ya baridi na mchana wa jua, ilivuta kwa nguvu, na moshi wake ukaweza kuitii sheria. Lakini uzito wake ulikuwa karibu kilo 1,300. Wepesi wa 1970 haukurudi tena mpaka utengenezaji wake ulipokoma mwaka 1978.

Hiyo ndiyo habari yenyewe, sasa ipimwe. Mtu wa haraka atakimbilia tarakimu. Atasema: ya 1970 ina nguvu za farasi 151, ya 1975 ina 149, na tena ya pili ni nzito, basi shauri limekwisha. Halikwisha. Ile 151 ilipatikana kwa kuupima mtambo ukiwa umevuliwa baadhi ya vyombo vinavyoulemea ndani ya motokaa. Tangu mwaka 1972 desturi ya Marekani ilibadilika, ikawa nguvu hutangazwa ya mtambo uliovikwa vyombo vyake vyote. Kuziweka 151 na 149 bega kwa bega ni kama kushindanisha mchukuzi aliyetua mzigo na mchukuzi aliyejitwika, kisha kumlaumu wa pili kwa uvivu. Tarakimu haikusema uwongo. Msomaji wake ndiye ambaye hakuuliza ilipatikanaje.

Mwingine atasema kipimo cha haki ni kazi ngumu, na kazi ngumu kuliko zote ilikuwa Safari. Mwaka 1971 Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa mkazi wa Kenya, alishinda pamoja na Hans Schüller katika 240Z, na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akaja wa pili katika motokaa ya namna hiyo hiyo. Mwaka 1972 ushindi ulichukuliwa na Hannu Mikkola katika Ford Escort. Mwaka 1973 Mehta alishinda pamoja na Lofty Drews katika 240Z. Je, ya 1972 ilikuwa mbovu na ya 1973 ikawa njema? Hapana mtu awezaye kusema hivyo. Motokaa za mashindano hazikuwa kama zilivyotoka dukani, na barabara, mvua, tairi na bahati vilikuwa na fungu lao.

Tena ushindi wa 1973 wenyewe una somo la pekee. Mehta alilingana kwa alama na Harry Källström wa Sweden, aliyeendesha Datsun ya aina nyingine. Waamuzi hawakuitana kuulizana ni nani apendezaye zaidi. Palikuwa na kanuni iliyowekwa kabla: waliolingana watapambanuliwa kwa kutazama nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata alama ya kwanza ya adhabu. Mehta ndiye aliyekwenda mbali zaidi, akapewa ushindi. Mtu aweza kuipenda kanuni hiyo au kuichukia, lakini hawezi kudai kwamba ilitungwa kwa upendeleo, maana ilikuwako kabla ya mshindi kujulikana. Wengi walinganishao miaka ya motokaa, au miaka ya jambo lolote, hufanya kinyume. Huchagua mshindi kwanza kwa moyo, kisha hukitafuta kipimo kitakachomtawaza. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.

Hapa ndipo falsafa inapoingia. Aristotle alifundisha kwamba ubora wa kitu hujulikana kwa kazi yake: ubora wa jicho humfanya mtu aone vyema, na ubora wa farasi humfanya farasi akimbie vyema, ambebe mpandaji na kusimama imara mbele ya adui. Mafundisho hayo yana nuru kubwa, na kwa mujibu wake motokaa ya mbio iliyo bora ni ile ikimbiayo, igeukayo na isimamayo vyema. Lakini tufaraji swali moja lililobaki nje ya zizi. Farasi akikimbia vizuri ajabu huku akiwapiga mateke majirani kila apitapo, mpandaji atasema ni farasi bora. Majirani watasema nini? Mpandaji hakusema uwongo, wala majirani hawakusema uwongo. Kila mmoja amepima kutoka mahali alipo.

Mabingwa wa kulinganisha miaka ya 240Z hupima kutoka mahali pamoja tu, nyuma ya usukani. Kwao 1970 na 1971 ni miaka ya neema, 1973 na 1974 ni miaka ya msiba, na msiba uliletwa na sheria. Lakini moshi hauingii ndani ya motokaa iuutoayo, huenda nyuma. Huvutwa na aendaye kwa miguu, na mchuuzi wa kando ya njia, na mtoto aliye mgongoni mwa mamaye, ambaye pua yake i karibu na ekzosi kuliko pua ya mwendeshaji. Watu hao hawakupata raha ya mwendo, lakini walilipa sehemu ya gharama yake. Waswahili husema kukopa harusi, kulipa matanga. Mwaka 1970 ulikuwa mwaka wa harusi. Sehemu ya nguvu na wepesi wa motokaa ile ilikuwa mkopo uliotolewa katika mapafu ya watu wasioulizwa. Mwaka 1973 mdai alibisha hodi, na mwenye nyumba akadhani ameibiwa.

Jambo hili si la nadharia tupu, kwa kuwa lilileta tendo. Wenye motokaa za 1973 na 1974 wengi walizing'oa kabureta zile bapa wakarudisha zile za zamani. Motokaa zikapona kikohozi na zikarudiwa na mbio. Mtu aliyefanya hivyo alifanya nini? Kwa lugha ya gereji aliitengeneza motokaa. Kwa lugha ya maadili aliondoa pumzi kidogo kwa jirani akaiongeza katika furaha yake. Lugha zote mbili ni za kweli, na ugumu wa jambo umo katika ukweli huo.

Atasimama mtetezi aseme: moshi wa motokaa moja ni tone katika bahari, tena motokaa hizi leo ni chache, hutembezwa siku ya mapumziko, hurudi kufunikwa turubai. Tena kabureta zile zilikuwa kazi mbovu, na mtu halazimiki kuheshimu kazi mbovu kwa sababu imekusudiwa mema. Utetezi huu una uzito, nao usipuuzwe. Ni kweli ya kuwa nia njema haiponyi ufundi mbaya, na sheria iliyowahi kuliko maarifa huwafanya watu waichukie haki yenyewe. Ni kweli pia ya kuwa si kila amri ilikuwa na faida sawa; zile bampa nzito zilikuwa na mjadala wake, na mtu mwenye busara aweza kuzilaumu pasipo kuwa adui wa majirani. Mwenye motokaa moja ya kale aweza kusamehewa tone lake.

Lakini asichoweza kusamehewa ni hukumu. Akisema, “Nimerudisha kabureta za zamani kwa sababu napenda mwendo, najua gharama yake, nayo ni ndogo,” amesema kweli. Akisema, “Nimeirudisha motokaa katika ubora wake,” amewafuta watu katika hesabu. Neno ubora limewekwa hapo kufunika macho. Na tone la mtu mmoja husameheka kwa sharti kwamba wengine wote hawafanyi kama yeye. Naye asiyeweza kutamani wote wafanye alifanyalo hana budi kuliita jina lake, yaani upendeleo aliojipa mwenyewe.

Kuna ushahidi wa pili kwamba mdai hakuwa mwizi. Maarifa yalipoamka, deni lililipika. Mfumo wa 1975 haukubuniwa ili kuzifukuza mbio. Ulizirudisha nyingi, ukapunguza moshi, ukaondoa na kikohozi. Lililoonekana kuwa vita kati ya ufundi na haki lilikuwa kweli uchanga wa ufundi. Mwaka huo huo motokaa nyingi mpya za Marekani zilianza kufungwa chombo cha kusafisha moshi, ambacho hakivumilii madini ya risasi katika petroli, na petroli isiyo na risasi ikaanza kuenea. Njia ilikuwa ndefu. Ni mwezi wa Agosti 2021 tu ndipo Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Nairobi, lilipotangaza kwamba hapana tena nchi iuzayo petroli ya risasi kwa ajili ya motokaa. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto. Miaka mingi ya mitambo iliyosifiwa kwa nguvu ilipita katika moshi huo, na hakuna kitabu cha mashabiki kinachoiandika risasi katika safu ya kasoro.

Pamoja na hayo, haitakuwa uadilifu kusema kwamba kila kilichopotea kilirudi. Kilo zile zaidi ya 200 hazikuondoka. Aliyeendesha zote mbili hujua kwa mikono yake ya kuwa ya kwanza iligeuka kama kiumbe hai, na ya pili iligeuka kama chombo kizuri. Hasara hiyo ni hasara, wala haifai kuitwa faida ili kuipendeza hoja. Haki mara nyingine hudai kitu kizuri kweli kweli, na mwenye kukitoa huwa na ruhusa ya kusikitika. Asiyeona hasara yoyote katika kutenda haki huenda hajawahi kutoa chochote.

Imebaki bei, ambayo wengi huichukua kuwa hakimu wa mwisho. Motokaa iliyouzwa dola 3,526 mwaka 1970 iliwahi kufika dola 310,000 katika mnada wa mwezi wa Januari 2020, nayo ilikuwa ya mwaka 1971, iliyotumika kidogo sana. Je, ubora wake ulikua? Hata msumari mmoja haukuongezeka ndani yake. Kilichoongezeka ni uchache wake, na umri wa wale walioitamani walipokuwa vijana wasio na fedha. Mtu wa makamo anunuapo kitu kama hicho hununua bati na mpira, na pamoja navyo hununua jioni moja ya ujana wake iliyopita mbele yake kwa kasi. Hana kosa. Ila asiwaambie wengine kwamba jioni ile ilikuwa bora kwa wote. Pengine jirani yake alikuwa akikohoa jioni hiyo hiyo.

Hukumu, basi, ni hii. Aulizaye motokaa ipi humpa mwendeshaji furaha iliyo safi zaidi ataambiwa ya kwanza. Aulizaye ipi imeundwa kwa uangalifu zaidi ataambiwa zile zilizofuata, wakati makosa ya mwanzo yalipokwisha kusahihishwa na kabureta bapa hazijafika. Aulizaye ipi ilikaa na watu vizuri zaidi, waliomo na wasiomo, ataambiwa 280Z, pamoja na uzito wake. Ama 1973 na 1974, miaka inayodharauliwa, inastahili heshima ya namna yake: ni miaka ambayo deni lilikubaliwa kabla fedha ya kulilipa haijapatikana. Kila jamii ina miaka ya namna hiyo, nayo huandikwa vibaya na walioipenda harusi.

Mwanachuoni hupewa kila siku kazi ya kulinganisha: lugha ya zamani na ya sasa, elimu ya zamani na ya sasa, tabia za wazee na za vijana. Kwa kawaida huanza na swali la mwaka: lini mambo yalikuwa mazuri? Afanye kwanza kama waamuzi wa Safari, aweke kipimo kabla ya kumjua mshindi. Kisha ashuke garini, asimame kando ya njia, mahali vumbi na moshi vinapotua, amwulize aliyesimama hapo naye ameuonaje mwaka ule. Jibu la huyo si lote, lakini bila hilo hesabu haijatimia.